Shevale ya kartoni, ukuta wa mtoto



Mama mmoja aliniuliza tulipokuwa tunatoka kwenye mkutano: «Mama mwalimu, mtoto wangu anachora kila mahali. Kwenye ukuta, kwenye mlango, hata chini ya meza. Nimufanye nini?» Nilicheka, halafu nikanyamaza. Ugonjwa ule ulikuwa kwangu pia, na dawa ya kwanza niliyoutolea ilikuwa mbaya. Leo nitawapa dawa ya pili. Ni shevale, ule ubao wa kusimama ambao wachoraji wanawekea kazi yao. Tutaitengeneza kwa kartoni kuukuu, gundi ya unga wa muhogo na uzi wa gunia. Lakini sitaki kuwafundisha dawa ya pili na kuficha ya kwanza.

Mwezi wa 5, kiangazi kilipoanza, mwenye nyumba alikuja kuchukua feza ya mwezi. Tunaishi katika lupango moja na wapangaji wengine watatu. Alisimama mlangoni, akaangalia ukuta wa sebule. Toka mlango mpaka dirisha kulikuwa treni nzima ya makala: mabehewa, mbuzi ndani ya mabehewa, watu juu ya mbuzi. Akasema kwa upole, na upole ule ndio uliniumiza: «Mama mwalimu, ukuta huu niliupaka chokaa mwaka jana. Utaupaka upya ao utatafuta nyumba ingine.»

Feza ya chokaa ilitoka katika feza ya bukari. Jioni ile nilimupiga mtoto wangu wa pili, mwenye miaka sita. Nilimupiga kwa fimbo, mbele ya yaya yake, na nikamuambia kama nitaona tena makala mkononi mwake, ataona.

Alisikia vizuri. Hakuchora tena. Ukuta ukabaki mweupe, nami nikafikiri nimeshinda. Baada ya posho tatu, mwalimu wake, ambaye tunafanya kazi pamoja, aliniita pembeni wakati wa mapumziko. Akaniambia: «Mtoto wako anakataa kuja ubaoni. Nikimupa chaki, anaficha mikono chini ya meza.» Alikuwa mwaka wa kwanza wa msingi, mwaka wa kujifunza kuandika. Na mimi, niliyesoma miaka mitatu katika chuo cha ualimu na kupata diploma juu ya namna ya kulea akili ya mtoto, ndimi niliyefunga mikono ile.

MUKONO UNAANZIA BEGANI

Wamama wengi wanafikiri kuchora ni muchezo wa kupoteza wakati. Mtoto anapochora, anafanya mazoezi ya kuandika. Mukono wa kuandika hauanzii kwenye vidole, unaanzia begani. Mtoto mdogo anatikisa kwanza mukono wote. Baadaye kiwiko kinajifunza, halafu kifundo cha mukono, na vidole vinakuja mwisho. Ubao uliosimama unasaidia sana, kwa sababu bega linabeba kazi, kifundo kinainuka kidogo kwenda nyuma, na vidole vinashika chaki vizuri. Tena mtoto anaelewa kwa mwili wake maana ya juu na chini. Akiwa mezani tunamuambia «anzia juu», lakini juu ya kaye ni mbele, si juu. Kwenye ubao uliosimama, juu ni juu.

Mutasema: masomo yanayo ubao. Ni kweli. Lakini tangu masomo ya msingi ya serikali yaanze kuwa bila malipo mwaka 2019, watoto wamekuwa wengi madarasani. Mimi nina watoto 61 na ubao mmoja. Kama kila mtoto atasimama ubaoni dakika tatu tu, nitamaliza saa tatu na zaidi, na hesabu haijaanza. Kwa hiyo mtoto anaweza kumaliza posho nzima bila kugusa ubao. Dakika zinazokosekana darasani zinaweza kupatikana nyumbani.

Nilimuuliza fundi wa mbao bei ya shevale ndogo. Bei aliyonitajia ilikuwa bukari yetu ya posho mbili. Nikarudi nyumbani kupitia soko, nikaona nyuma ya maduka kartoni zimetupwa, zinangoja kuchomwa. Nikaomba tatu.

VITU VYA KUTAFUTA

Kartoni kubwa moja, kama ya televizyo, na zingine mbili ndogo za biskuti, sabuni ao tomati. Unga wa muhogo, kikombe kimoja. Sindano kubwa ya gunia, na uzi uliofumuliwa kwenye gunia la unga wa mahindi. Kisu chenye makali. Kijiko. Mita ya mshonaji. Kama huna, tumia shibiri yako: shibiri tatu za mama ni karibu sentimita 60. Vibanio vinne vya nguo. Kipande cha plastiki. Mfuko mdogo wenye mchanga wa kilo mbili.

Angalieni jambo moja. Hapa kwetu Lubumbashi kartoni zingine zimebeba dawa za kuua wadudu, asidi, betri, ao vitu vya kazi ya migodi. Hizo musizichukue, hata kama ni nzuri na ngumu. Kartoni yenye alama ya kichwa cha mfu, yenye madoa ao harufu kali, iacheni. Mtoto ataigusa, halafu ataweka vidole kinywani.

GUNDI

Koroga kikombe kimoja cha unga wa muhogo katika kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha vikombe vinne vya maji. Mimina ule uji wa baridi ndani pole pole huku unakoroga bila kuacha. Gundi itageuka: mwanzo ni nyeupe kama maziwa, halafu inakuwa nzito na kung'aa. Hapo toa motoni. Itumie ikiwa vuguvugu. Tengeneza ya siku moja tu, kwa sababu kesho yake itaanza kuchacha.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Kwanza, fungua kartoni kubwa na kata ukanda mmoja wenye upana wa sentimita 45 na urefu wa sentimita 155. Ukikosa kartoni ndefu hivyo, unganisha vipande viwili. Kimoja kipande juu ya kingine sentimita 10, ubandike na kushona. Kazi ya kisu ni ya mama. Mtoto ashike mita.

Pili, chora mistari ya kukunja: kwenye sentimita 60, kwenye 120 na kwenye 150. Pitisha mgongo wa kijiko juu ya kila mstari kwa nguvu, mara tano ao sita, mpaka kartoni ijikunje yenyewe bila kupasuka. Sasa una sehemu nne: mbele 60, nyuma 60, kitako 30, na ulimi wa sentimita 5.

Tatu, kata vipande vya kuimarisha. Kartoni moja peke yake itapinda mtoto akiisukuma. Angalia pembeni ya kartoni: utaona ndani mistari kama mawimbi. Kata vipande viwili vya sentimita 58 kwa 43, na kimoja cha 28 kwa 43. Vibandike upande wa ndani wa ukanda, mistari yao ikatize mistari ya ukanda, kama nyuzi za mukeka zinavyokatizana. Hapo ndipo nguvu inatoka. Nilikosea mara ya kwanza, nikaielekeza yote upande mmoja, na shevale ikapiga magoti siku ya pili. Acha nafasi ya sentimita moja kila upande wa mstari wa kukunja, ili usiubane.

Nne, laza chini na weka uzito juu: ndoo za maji, ao mawe juu ya ubao. Wakati wa kiangazi siku moja inatosha. Wakati wa mvua, hesabu siku mbili, na usiilaze juu ya sakafu yenye unyevu.

Tano, kunja. Itasimama kama paa la nyumba, kitako kikiwa chini. Ingiza ulimi ndani ya sehemu ya mbele, paka gundi, halafu shona kwa sindano ya gunia, tundu kila sentimita tatu. Gundi inashika, lakini uzi ndio unaobaki wakati gundi imechoka.

Sita, kata kipande cha sentimita 45 kwa 15, kikunje mara mbili kama mfereji wa paa, ukibandike na kukishona chini ya sehemu ya mbele. Hapo zitakaa chaki na makala. Funika kitako kwa plastiki, maana adui wa kwanza wa kartoni ni maji. Weka mfuko wa mchanga ndani, juu ya kitako, ili shevale isianguke mtoto akiiegemea.

Karatasi inashikwa kwa vibanio pembeni, kimoja kulia na kimoja kushoto. Na kwa sababu paa lina pande mbili, watoto wawili wanaweza kuchora pamoja bila kugombana. Kwa mtoto wa miaka mitatu, iweke chini, yeye apige magoti mbele yake. Kwa mtoto wa miaka sita, iweke juu ya benchi, katikati ya karatasi ikae mbele ya kifua chake. Usiku iinue mahali pa juu: mende na panya wanapenda unga wa muhogo kama sisi.

KARATASI NA RANGI

Usinunue. Nyuma ya matangazo ya zamani kuna nafasi. Mfuko wa simenti una karatasi ya kahawia yenye nguvu, lakini una tabaka kadhaa: tupa ile iliyogusa simenti, chukua ya nje, ipanguse vizuri kwa kitambaa mbali na mtoto, kwa sababu vumbi la simenti linachoma macho na ngozi. Kwa rangi nyeusi, makala membamba. Kwa nyeupe, pemba ya sokoni. Kwa nyekundu, udongo wa kichuguu uliosagwa na kuchanganywa na gundi kidogo na maji. Kwa kijani, majani ya lengalenga yaliyosuguliwa juu ya karatasi. Burashi ni kijiti kilichotafunwa mwisho, ao unyoya wa kuku. Ao kidole.

Musicheke kidole. Katika mji huu huu, ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mwaka 1946 mahali pa kuchorea palipoitwa Hangar. Hakutaka vijana waige picha za Ulaya. Aliwaacha wachore yale waliyoyabeba kichwani. Pilipili Mulongoy akachora samaki na ndege. Mwenze Kibwanga akajaza picha zake kwa mistari midogo midogo. Bela alichora kwa ncha za vidole vyake, bila burashi. Kazi za watu hao leo zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Na miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu alichora hapa historia ya inchi yetu, picha zaidi ya 100, juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Kwa hiyo mama anayempa mtoto wake kartoni na makala asione haya.

USIULIZE «NI NINI HII?»

Sasa shevale imesimama. Kazi iliyobaki ni ya kinywa chetu. Tukiona kazi ya mtoto, tunauliza haraka: «Ni nini hii?» Mtoto anasikia: haieleweki. Ao tunasema: «Ngombe hana miguu mitano.» Ao tunachukua chaki na kumuonyesha. Siku ile ile anaacha kuchora chake, anaanza kungoja chako.

Mtoto wa miaka miwili anachora mistari ya kuzunguka tu. Anafurahia kuona mukono wake unaacha alama. Karibu miaka mitatu anafunga duara. Karibu miaka minne duara linaota miguu, na hiyo ni mtu: kichwa na miguu, bila tumbo. Si kosa, ni kituo cha safari. Baadaye, kati ya miaka mitano na saba, anaweka mstari wa udongo chini na mstari wa mbingu juu, na watu wanasimama. Na mara nyingi kitu kinachomugusa moyo anakichora kikubwa kuliko vingine. Kwa hiyo sema tu: «Nielezee.» Halafu nyamaza, hata kama sufuria iko motoni. Kila mtoto hapiti vituo hivi siku moja na mwenzake, na huo si ugonjwa.

Niliweka shevale yangu ndani ya sebule, mbele ya ule ukuta mweupe. Nikaweka makala matatu kwenye mfereji. Sikusema kitu. Siku ya kwanza mtoto wangu aliizunguka kama mbuzi anayezunguka shamba la jirani. Siku ya pili yaya yake alichora maua upande wake. Siku ya tatu, nilipokuwa ninachagua mahindi mlangoni, nikasikia makala yanasugua karatasi. Sikugeuka. Nilichagua mahindi yale yale mara mbili.

Aliponiita, nilikuta mtu. Kichwa kikubwa, miguu miwili mirefu, mukono mmoja mfupi. Mukono wa pili ulikuwa mrefu kuliko mwili wote, ulifika mpaka mwisho wa karatasi.

Nikamuambia: «Nielezee.»

«Ni wewe, mama.»

«Na mukono huu?»

«Ni siku ile ya ukuta.»

Wamama, kwetu mzazi haombi mtoto musamaha. Mama yangu hakuniomba hata siku moja, naye alikuwa mama mwema. Lakini nilikaa chini, nikamuambia: «Siku ile nilikosea. Ukuta si wetu, hilo ni kweli, na hatutachora tena juu yake. Lakini mikono yako haikuwa na kosa.» Hakujibu. Alichukua makala, akaongeza kitu kwenye ncha ya ule mukono mrefu. Nilifikiri ni fimbo. Akasema ni kijiko cha gundi.

Picha ile ninayo, iko ndani ya Biblia yangu, na sitaionyesha mtu. Sasa mvua zimeanza, yuko mwaka wa pili. Anaenda ubaoni akiitwa. Maandishi yake hayajawa mazuri bado. Herufi zinapanda na kushuka kama njia ya kwenda kisimani. Lakini anaandika. Shevale imepigwa pembe, nimeishona mara mbili, nimebadilisha plastiki ya chini. Ukuta ni mweupe. Mlango wa choo, hapana: posho iliyopita nilikuta juu yake samaki mmoja wa makala. Mwenye nyumba hajamuona bado. Tafadhali musimuambie.

KWA KIKUNDI CHENU

Kazi hii ni nzuri kuifanya pamoja, siku ya likelemba. Wamama watano wakileta kila mmoja kartoni zake, sufuria moja ya gundi kwa kila shevale mbili inatosha, na sindano moja inazunguka. Wanaojua kushona washone, wanaojua kupima wapime. Tengenezeni tano za nyumbani na moja ya sita kwa mtoto ambaye mama yake hayuko. Katika kila avenyu yupo mmoja.

Na yule mama aliyeniuliza tukitoka kwenye mkutano: kabla ya kutafuta kartoni, angalia vizuri kile mtoto wako alichochora chini ya meza. Halafu mwambie akuelezee.

Posho ijayo tutasema juu ya namna ya kushona kaye mpya kutoka kurasa zilizobaki za kaye za mwaka uliopita. Musichome kaye za zamani kwanza, zichungeni mpaka hapo. Mubaki na amani.